Riwaya ya Jambazi: Mbona Inatugawanya?

Mwaka jana katika kurasa hizi mwenzetu mmoja alitufafanulia ngeli hadi tukaacha kuziogopa, na mwingine akatuandikia shairi refu juu ya ukame. Mwaka huu nami nimepewa nafasi na mhariri, na nimeonelea nieleze jambo lililotuletea mzozo mkubwa chamani muhula wa pili. Mzozo wenyewe ulihusu kitabu. Kitabu kimoja tu, tena kilichopoteza jalada, kinanuka moshi wa jikoni, na kurasa zake za mwisho zimeshonwa kwa uzi.

Kitabu hicho ni My Life in Crime, yaani maisha yangu katika uhalifu, cha John Kiriamiti. Kimeandikwa kwa Kiingereza, najua. Msinipigie kelele bado, hilo nitalifikia. Kwa yule ambaye hajakisikia, ni hadithi ya kijana anayeanza kwa kuiba vitu vidogo vidogo, akawa mchomozi wa mifukoni jijini Nairobi, akahamia kwenye kuvunja magari, na mwishowe akawa jambazi wa bunduki anayevamia mabenki. Mambo ni moto tangu ukurasa wa kwanza. Kuna kupigana, kuna kukimbizwa na polisi, kuna marafiki wanaosalitiana. Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mwandishi hakusimuliwa mambo hayo na mtu. Aliyapitia mwenyewe.

Kiriamiti alizaliwa mwaka 1950 huko Murang'a. Wazazi wake walikuwa walimu wa shule ya msingi (hapa mwalimu mlezi wetu alikohoa). Alipata nafasi katika shule kubwa ya Nairobi lakini masomo yakakatika akiwa na miaka 15 hivi, akaingia mitaani. Mwaka 1971 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa kutumia nguvu, akapelekwa katika gereza la Naivasha, na humo ndimo alimoandikia. Kitabu kilitoka mwaka 1984, mwaka ule ule alioachiliwa. Kilichapishwa katika mfululizo wa Spear Books, vile vitabu vidogo vya burudani vya kampuni ya Heinemann ambayo siku hizi ni East African Educational Publishers, na tangu hapo kimerudi mitamboni mara nyingi.

Hebu niongeze jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka mwalimu wa historia alipotueleza. Baadaye sheria ya Kenya ilibadilishwa, na wizi wa kutumia nguvu ukawa na adhabu moja tu, kifo. Kiriamiti alihukumiwa kabla ya hapo. Kama angekamatwa akiwa amechelewa kidogo, pengine kitabu hiki kisingekuwapo, wala sisi tusingepata cha kugombania.

Haya, mzozo ulianza hivi. Chama chetu kina sanduku la vitabu. Ni sanduku la mbao lenye kufuli, linakaa katika ofisi ya idara ya lugha, na kila Ijumaa baada ya michezo katibu hulifungua, watu wakaazima. Katibu ndiye mimi. Siku moja mwanachama wa kidato cha nne alileta nakala yake ya Kiriamiti, akasema anaitoa zawadi kwa chama kwa kuwa anakaribia kutuaga. Nikakipokea. Kabla sijakiandika daftarini, sauti zikapaa. Mmoja akasema ati hicho ni kitabu cha kufundisha wizi. Mwingine akasema hicho ndicho kitabu cha kwanza alichowahi kukisoma hadi mwisho maishani mwake, na tangu hapo anasoma. Mweka hazina naye, ambaye hapendi vurugu, akauliza, "Kwani chama cha Kiswahili kinaweka vitabu vya Kiingereza tangu lini?" Mwalimu mlezi akaona afadhali tufanye mjadala rasmi wiki ifuatayo, kwa Kiswahili, na kura ipigwe. Akasema kitabu kinaweza kuwa cha lugha yoyote, lakini ugomvi wetu lazima uwe wa Kiswahili sanifu. Sanifu wapi! Lakini tulijaribu.

Sasa nieleze nilichojifunza nilipokuwa nikijitayarisha, maana nilidhani ugomvi ni juu ya damu na bunduki, kumbe sivyo.

Riwaya za uhalifu si ngeni kwa Kiswahili. Sandukuni mwetu mnayo Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyoshinda shindano la uandishi mwaka 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Humo mzee mmoja anauawa, na Bwana Msa na kiko chake mdomoni anakusanya vidokezo pole pole hadi anamfichua muuaji. Pia kuna Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ambayo ilitoka mwaka 1965, na mpelelezi wake ni Inspekta Wingo. Halafu kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule jasusi wa Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, ambaye huua watu wengi kuliko hata Kiriamiti. Naam, msicheke, hesabuni wenyewe. Katika vitabu hivi watu wanakufa, tena wengine vibaya, lakini hakuna mzazi hata mmoja niliyemsikia akilalamika. Simu ya Kifo, kutaja jina lake tu, ni ya kutisha zaidi ya "maisha yangu". Basi mbona Bwana Msa anaruhusiwa na Kiriamiti anazuiwa mlangoni?

Jibu langu ni hili. Tofauti iko katika jicho linalotazama. Katika hadithi ya Bwana Msa tunaingia nyumbani baada ya uovu kutendeka. Tunasimama pamoja na mpelelezi, na swali letu ni "nani?" Tukijua, tunafunga kitabu na kulala. Muuaji tulikuwa tukimtazama kwa mbali, kama mtu anayemwona nyoka upande wa pili wa mto. Kiriamiti anatuvusha. Anasema "mimi". Hatuulizi nani, tunajua ni nani, ndiye huyu anayezungumza nasi kwa utani na ujanja. Tunachouliza ni "je, atafaulu?" Na hapo ndipo ujanja wa uandishi ulipo. Mwandishi anatuonyesha mpango mapema, nani atasimama wapi, gari litaegeshwa upande gani, dakika ngapi zipo. Ukishaujua mpango wewe si mtazamaji tena, umekuwa mmoja wa genge. Gari likikataa kuwaka, moyo wako unadunda. Unaomba liwake! Mimi niliomba liwake. Nilikuwa nimelala chini ya blanketi na tochi ya simu, nikawa namwombea jambazi, na mimi ni mtu wa kwenda kanisani kila Jumapili.

Nadhani wanaokiogopa kitabu wanaogopa jambo hilo hata kama hawalisemi hivyo. Damu si kitu, damu tunaiona kila siku kwenye filamu za vitengele vya mchana, na mama zetu wanaandaa githeri pembeni bila kugeuka. Linalotisha ni kule kugundua kwamba kumpenda mhalifu ni rahisi hivi.

Wanaokitetea nao wana hoja, na katika mjadala walizieleza vizuri kutuliko. Walisema kitabu hakifichi malipo ya uhalifu. Kuna kupigwa, kuna kulala kwa woga, kuna kuishi kwa majina ya uongo hata mtu anasahau lipi ni lake, na mwisho kuna jela. Msemaji wao wa pili alisema hivi, "Mchungaji akiniambia wizi ni mbaya, namwamini kwa adabu. Mwizi akiniambia wizi ni mbaya, namwamini kabisa." Watu walipiga makofi hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Akaongeza kwamba kupiga vitabu marufuku hakujasaidia mtu. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya David Maillu mwaka 1976, na vijana wakazidi kuvitafuta. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni huko huko, na leo inahakikiwa vyuoni kama kitabu cha heshima.

Upande wa pili haukunyamaza. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hata jina lake hulitaja kwa sauti ya chini, alisimama akasema, "Huyo mwizi alipata miaka ya kuandika kitabu. Walioibiwa walipata miaka ya nini?" Akaketi. Hakupigiwa makofi, lakini kwa muda fulani hakuna aliyeinua mkono.

Mwalimu wa historia, aliyealikwa kuwa hakimu, alituchukua hadi Japani ili tuone kwamba ugomvi huu si wa Nkubu peke yake. Huko mwaka 1999 mwandishi Koushun Takami alitoa riwaya iitwayo Battle Royale, na mwaka 2000 Kinji Fukasaku akaigeuza filamu. Darasa zima la wanafunzi linapelekwa kisiwani na kulazimishwa kuuana hadi abaki mmoja. Tena ni wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari ya chini, umri wa miaka 15 hivi, yaani wenzetu kabisa. Wabunge wa Japani walikasirika, filamu ikajadiliwa bungeni, ikawekewa alama kwamba aliye chini ya miaka 15 asiitazame. Watu wakamiminika kwenye sinema. Wengine walisema ni uchafu mtupu, wengine wakasema ni kazi bora kuhusu watu wazima wanavyowaogopa watoto wao. Na Fukasaku, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sabini, alieleza kwamba mwaka 1945 yeye mwenyewe alikuwa na miaka 15, akifanya kazi katika kiwanda cha silaha wakati wa vita. Kiwanda kilishambuliwa, wenzake wakafa, na walionusurika wakatakiwa kuziondoa maiti. Kwa hiyo na yeye alikuwa akisema "mimi". Lakini angalieni, yake ni "mimi" ya mtu aliyekuwa chini ya mabomu. Kiriamiti ni "mimi" ya mtu aliyeshika bunduki.

Hapo nililazimika kufikiri juu ya nyumbani kwetu. Sikuwa nimekusudia kuliandika hili, lakini mhariri amenishauri niliandike.

Baba yangu ana duka dogo kando ya barabara, unga, sukari, mafuta taa, kadi za simu. Mwaka juzi mwezi wa Agosti, saa mbili usiku, waliingia watu wawili wenye panga, na wa tatu akabaki nje kwenye pikipiki injini ikinguruma. Walichukua shilingi elfu kumi na moja na mia nne na katoni ya sigara. Baba alinyoosha mkono, hata yeye hajui kama alitaka kuzuia au kuomba, wakamkata. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Hakuna aliyekamatwa. Tangu siku hiyo duka hufungwa kabla giza halijaingia, na pikipiki ikipunguza mwendo karibu na mlango baba huacha anachofanya, akasikiliza hadi iende.

Sasa mtu mwenye baba kama huyo alikuwa akisoma Kiriamiti chini ya blanketi. Nilikificha chini ya godoro, si kwa kuogopa kupigwa, bali kwa kuona haya. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakikosa. Sikuuliza. Usiku wa kwanza niliona mwanga chini ya mlango wa chumba cha baba. Usiku wa pili pia. Usiku wa tatu nilimsikia akicheka! Asubuhi yake, nikinywa chai, alikiweka mezani mbele yangu.

Akasema, "Huyu mtu anajua kuandika."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Mahali pale gari lilipokataa, hata mimi niliogopa." Akanyamaza, akageuza kikombe kwa ule mkono wa kushoto aliojizoesha. "Lakini nimemtafuta mwenye duka. Nimemtafuta kitabu kizima. Wewe umemwona? Anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kukisoma tena, safari hii nikimtafuta mwenye duka, na karani wa benki, na mwenye gari lililovunjwa. Wamo. Lakini wengi wanapita upesi kama miti ukiwa ndani ya matatu. Mwandishi hakudanganya, nadhani ndivyo walivyopita machoni pake wakati ule. Ukiwa na haraka ya kukimbia huwezi kumtazama mtu usoni. Kwa hiyo kitabu kinasema kweli kuhusu jambazi hata mahali kisipokusudia, yaani katika vile asivyoviona. Hili mtu halioni kwa kusoma mara moja. Mara ya kwanza unakuwa mbioni naye.

Nikagundua pia kwamba Kiriamiti mwenyewe ni kama aliusikia upungufu huo. Mwaka 1989 alitoa kitabu kingine, My Life with a Criminal: Milly's Story. Milly ni yule msichana aliyempenda jambazi katika kitabu cha kwanza. Katika hiki cha pili ni yeye anayesema "mimi", na mambo yale yale tuliyoyaona kwa jicho la mwizi tunayaona kwa jicho la mtu anayekaa nyumbani akisubiri, asiyejua mpenzi wake anakwenda wapi usiku wala pesa zinatoka wapi. Yale yaliyokuwa ushujaa kule, huku ni uongo anaoambiwa mezani. Milly si mwenye duka, hilo ni kweli, na baba alinikumbusha. Lakini angalau ni mtu aliyesimama upande ule mwingine wa mlango. Mtu akisoma kimoja bila kingine, naona amesoma nusu.

Nilipopewa nafasi ya kuzungumza katika mjadala sikusema habari za baba. Nilieleza tu hilo la jicho na hilo la Milly, sauti ikanitetemeka kidogo, nikaketi. Nilipendekeza kitabu kiingie sandukuni iwapo chama kitakubali kununua na cha Milly, vikae pamoja, na anayeazima kimoja aandikiwe cha pili papo hapo daftarini. Mweka hazina aliuliza pesa zitatoka wapi. Zilitoka katika zile za mandazi.

Kura zilipigwa kwa vikaratasi. Waliohudhuria walikuwa 37. Waliokubali 20, waliokataa 17. Yule msichana wa kidato cha pili alikataa na hakuficha, aliniambia mlangoni kwamba bado haoni kwa nini mwizi atangulie kusomwa na mwenye mali afuate. Nilimwambia anaweza kuazima cha Milly kwanza. Akasema hivyo sawa, lakini kura yake haibadiliki.

Cha Milly tulikipata sokoni kwa mzee anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia, karibu na wauza ndizi. Alitaka mia mbili, tukampa mia na hamsini. Nakala zote mbili zimo sandukuni, au tuseme zingekuwamo kama zingekuwa zinarudi kwa wakati, maana orodha ya wanaongoja sasa imeingia ukurasa wa pili wa daftari. Baba ameniuliza mara mbili kama cha Milly kimepatikana. Nimemwambia kimepatikana, na kwamba yeye ni wa nne, baada ya msichana mmoja wa kidato cha pili anayesoma polepole sana.